Mzabibu wa Kushoto kwa Baba

Kaka yangu mkubwa alikuja kupima kaburi la mama huku mama mwenyewe yuko ndani anakunywa uji.

Sitii chumvi. Ilikuwa Januari, jua la asubuhi tayari linachoma utosi, nami nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya jikoni nikichambua ndengu. Nikaona gari lake likiingia kutoka barabara ya Kathonzweni, wakashuka yeye na fundi aliyebeba kamba, vigingi na sururu. Kaka ana duka la vifaa vya ujenzi Kitui mjini, na kwa sababu hiyo kila jambo la dunia hii kwake ni la kupima. Hakuingia kumsalimia mama kwanza. Alipitiliza hadi nyuma ya nyumba, chini ya kichanja cha mzabibu, mahali alipolala baba.

Nikamfuata na ungo wangu mkononi.

"Mnafanya nini?"

"Tunaangalia kama chini kuna mwamba," akasema. "Wakati wa baba, vijana walichimba mpaka jiwe likawakwamisha, waombolezaji wanangoja na jeneza liko juani. Sitaki aibu kama ile tena."

"Mama yuko hai."

"Najua mama yuko hai. Punguza sauti."

Fundi hakutaka kusikia mambo ya familia. Alifunga kamba kwenye ukingo wa kaburi la baba, akaivuta kwenda kushoto, kwa sababu kwetu mke hulazwa kushoto kwa mumewe, kama alivyolala naye kitandani. Akapiga kigingi cha kwanza, cha pili. Cha tatu kikakosa pa kuingia. Kamba ilikuwa imefika kwenye shina la mzabibu na kulipita. Fundi akaligonga lile shina kwa kisigino cha sururu, polepole, kama mtu anayebisha hodi.

"Hii mti itatoka," akasema.

"Haitoki," nikamwambia.

Akamwangalia kaka. Kaka akaangalia kamba. Kisha kaka akasema neno ambalo nadhani alifikiri ni la kunituliza: "Si leo. Ni ile siku."

Kwa hivyo nilijua. Siku mama atakapofariki, mzabibu wa baba utang'olewa. Muda niliokuwa nao ni ule wa uhai wa mama tu, na mama hakuwa na muda.

Sasa niseme huo mti ulikuwa kitu gani, maana mtu wa mbali atafikiri nililia bure. Baba alipokuwa kijana alifanya kazi ya bustani kwenye misheni moja ya zamani upande wa Kitui. Kulikuwa na mzabibu pale, uliopandwa na wazungu waliokufa kabla yeye hajazaliwa. Wakati misheni ilipotaka kujenga madarasa, mzabibu ulikuwa njiani, ukakatwa. Baba aliomba vijiti vichache akavileta nyumbani vimefungwa ndani ya gunia lililoloweshwa. Kikashika kimoja. Zabibu zake zilikuwa ndogo, nyeusi, zenye ganda gumu na mbegu nyingi, na ukizikamua zinatoa maji mekundu ya giza ambayo hayatoki kwenye nguo. Sijaziona kwingine. Za madukani zinazoletwa kutoka ng'ambo ni kubwa na tamu kama peremende, hazina habari.

Kanisa letu haligusi kileo, kwa hivyo kwa miaka mingi kinywaji cha Meza ya Bwana kilitoka kwenye kichanja chetu. Mama na kina mama wenzake walikamua zabibu Jumamosi, wakachuja kwa kitambaa cheupe, na Jumapili nikiwa msichana nilikuwa nikiangalia vile vikombe vidogo vikipita kwenye viti nikijiambia, hiyo ni yetu. Nilikuwa na kiburi sana juu ya jambo hilo. Siku hizi wananunua juisi ya pakiti.

Baba aliufahamu mti wake. Nchi yetu ni ya joto na mzabibu huku kwetu haujui kulala, utaendelea kutoa majani mwaka mzima mpaka ujichoshe bure. Kwa hivyo yeye aliulaza kwa lazima. Mwezi wa saba aliunyima maji hadi majani yakageuka njano na kuanguka, ndipo akaupogoa, akabakisha macho machache ya kuchipukia kwenye kila tawi. Akaurudishia maji, ukaamka una njaa ya kuzaa. Kiangazi cha Desemba na Januari ndicho kilikuwa kazi kubwa. Alitoa majani upande wa jua la asubuhi tu, yale ya upande wa magharibi akayaacha, kwa sababu jua la saa tisa la Makueni linaipika zabibu ingali mtini. Alivalisha vishada vyake nyavu za magunia ya vitunguu ndege wasivimalize. Alipulizia majivu ule ukungu mweupe unaokuja na mawingu. Hayo yote alinifundisha nikiwa mtu mzima, mwaka niliorudi nyumbani na masanduku yangu baada ya ndoa kuvunjika. Mama alilia. Majirani walisema walichosema. Baba hakuniuliza neno hata moja. Alinipa mkasi wa kupogolea akasema, "Shika tawi hapa, nikate." Nilikuwa nimefika nyumbani sijijui kama mimi ni mtu. Tulipogoa mpaka mikono ikavimba. Nilimpenda baba kwa sababu ya asubuhi ile kuliko kwa sababu ya ada ya shule na viatu na yote mengine.

Baba mwenyewe ndiye aliyeomba azikwe chini ya kichanja chake. Nani angemkatalia? Vijana walichimba, wakakutana na mizizi minene kama mkono, wakaikata kwa panga maana jeneza lilikuwa linangoja. Kabla ya mwaka kuisha, nusu ya kichanja ilikauka. Kaka naye, kwa mapenzi yake, akalijengea kaburi kwa simiti na vigae vyeupe, akamwaga sakafu pana pembeni ili wageni wasikanyage matope, na mvua ikakosa pa kupenya. Nusu iliyobaki ilikuwa inaishi kwa ubishi tu.

Jioni ya siku ile ya kamba nilimsubiri kaka aondoke, nikaingia kwa mama. Alikuwa na saratani ya tumbo. Hospitali walisema turudi naye nyumbani, na sote tulielewa maana yake. Chumba chake ni kile cha zamani cha matofali mazito, cha baridi kuliko vyote, kitanda kimesukumwa karibu na dirisha.

"Mwaitu," nikamwita, kama tunavyowaita mama zetu kwa Kikamba, "mwambie akulaze mahali pengine. Wewe atakusikia."

"Pengine wapi?"

"Hata kule kwenye mipapai."

"Nimelala kushoto kwa baba yako tangu nikiwa msichana," akasema. "Leo unataka nikalale na mipapai?"

Nilicheka, sikuwa nimetaka. Nikamuuliza, na mzabibu je?

 Akasema, "Huo mti umekunywa maji yangu ya kutosha." Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Kwamba mwaka ambao mzabibu ulikuwa mchanga, mto ulikuwa umekauka na watu walikuwa wakichimba visima kwenye mchanga. Yeye ana tumbo kubwa, na aliyekuwa tumboni ni mimi. Alikuwa akitoka alfajiri na punda, akichota kwa kibuyu tone kwa tone, akirudi jua liko juu, na jerikani ya kwanza baba alikuwa akiipeleka kwenye mti kabla mama hajanywa.

"Watu walikuwa wakisifu mkono wa baba yako," akasema. "Mkono uliokuwa ukichota ni huu hapa." Akauinua. Ulikuwa umebaki mifupa na alama za sindano. "Usinisumbue na huo mti."

Nilitoka pale nimenuna. Mwanamke mwenye mvi, nimenuna kama mtoto aliyenyimwa nyama. Nilikuwa nimekuja kutafuta mtu wa kuulilia mti pamoja nami, nikamkuta mtu mwenye deni lake nao.

Basi nikaamua nitafanya peke yangu. Nilifunga kishada kimoja na majani kwenye gazeti bichi, nikaenda Kiboko, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo kilichoko kando ya barabara kuu. Nilikutana na mama mmoja mtaalamu wa matunda, mpole, aliyekata tunda katikati na kulinusa na kulionja kabla ya kusema chochote. Akasema hajawahi kuliona la aina hiyo. Akasema nikipata pingili, yaani vijiti vya kupanda, zilizoshika mizizi nimletee mbili tatu azihifadhi. Lakini nilipomwambia nataka kukata pingili wiki hiyo hiyo, akatikisa kichwa. Mti ukiwa na majani na matunda, nguvu zote ziko huko juu, kijiti ukikikata kitakauka. Ulaze kwanza. Toa matunda yote. Usiupe maji.

"Na kama hauna nguvu ya kuamka tena?" nikamuuliza.

"Hilo siwezi kukudanganya," akasema.

Nilirudi nikauangalia mti. Zabibu zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kugeuka rangi, punje moja nyekundu, tatu kijani. Nilizikata zote. Nilizikata kwa mkasi wa baba huku namtukana kaka, namtukana fundi, nautukana ugonjwa, na zikajaa beseni zikiwa ngumu kama shanga. Mama mmoja wa kanisani aliyekuwa amekuja kumwona mgonjwa alisimama pale na mkoba wake akasema, "Hata hujangoja ziive?" Nikamwambia kuna vitu vingi hapa nyumbani ambavyo havitangoja kuiva. Mbuzi walizila, wakazitema.

Maji ya kuunyima sikuhitaji kuyatafuta. Mvua za Novemba zilikuwa zimekuja kutusalimia tu na kuondoka. Kisima cha kijiji kipo, kina bomba na injini, watu wanapiga foleni na punda wao, lakini maji yake ni ya chumvi. Ukiyapikia chai maziwa yanakatika. Ukimwagia mche, majani yanaungua kuanzia kingo. Maji matamu yalikuwa yale ya paa tu, yaliyobaki kwenye tanki, na hayo yalikuwa ya mama. Ya kisima yalimchoma koo. Kaka alituma maji ya chupa, mama akayakataa, akasema yananuka plastiki. Kwa hivyo kila asubuhi nilikuwa nikigonga tanki kwa kifundo cha kidole nikisikiliza sauti imeshuka mpaka wapi.

Majani yalianguka Februari mwanzoni. Nilikata pingili za kimo cha kalamu, zenye macho manne manne, nikazichomeka kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia niliyoitoboa chini, nikaipanga kwenye kivuli nyuma ya jiko. Kila mmoja niliupa kijiko chake cha maji ya paa. Mchwa waliingia kutoka chini kupitia matundu yale yale niliyoyatoboa, nikainua kijiti nikakuta ni ganda tupu, ndani wamejaza udongo. Nikainyanyua mikebe juu ya mawe nikazungushia majivu. Jua likaingia pale ambapo asubuhi palikuwa na kivuli, likachukua nyingine. Nilipojaribu kuongeza maji ya paa kwa kuyachanganya kidogo na ya kisima, machipukizi yaliyokuwa yameanza kutoka yakawa meusi kwenye ncha kama njiti za kiberiti zilizotumika. Nilikuwa nikiamka naenda kuiangalia mikebe kabla sijamwangalia mama, na nilijua, na sikujizuia.

Ukabaki mmoja. Jicho lake la juu lilikuwa limevimba na kupasuka, ndani kuna rangi ya waridi. Nikauingiza chumbani kwa mama, kwenye baridi. Niliuweka kwenye kigoda kati ya kitanda na dirisha, juu ya sahani ya bati ili usichafue sakafu.

"Umeniletea mgonjwa mwenzangu," mama akasema.

"Ni wa mwisho. Ukifa huu, basi."

"Na ukipona?"

"Sijui. Maji yenyewe yako wapi? Ya tanki ni yako. Nitaupa suuza ya kikombe, yale maji ya kuoshea tu." Na hapo, sijui kilichonipata, nikalia. Nilikuwa sijalia mbele yake tangu aumwe. Nililia juu ya kijiti kwenye mkebe wa mafuta, nikamwambia yote, kamba, vigingi, pingili zilizokufa. Nikamwambia kwamba baba ataondoka mara ya pili na mimi ndiye nitasimama pale nikiangalia. Mama hakusema pole. Aliugeukia ukuta. Nikaona nimemchosha, nikafuta uso, nikaenda kuwasha moto.

Mdomo wake ulikuwa mchungu kwa dawa, kwa hivyo maji yake nilikuwa nikiyatilia sukari kijiko kimoja. Nilimjazia kikombe chake cha bati cha samawati, kile alichopewa siku ya harusi, nikakiweka kwenye kigoda pale pale anapoweza kukifikia bila kuniita. Mama hakupenda kunyweshwa. "Sijawa mtoto," alisema, "weka hapo, utoke." Nikitoka na kurudi, kikombe kilikuwa kitupu. Moyo wangu ulikuwa ukitulia. Uji alikuwa ameanza kuuacha, supu aliigusa kwa ulimi tu, lakini maji alikuwa akimaliza. Nilimpigia kaka simu nikamwambia, anakunywa vizuri. Nilimwambia hivyo zaidi ya mara moja.

Na mzabibu nao ulikuwa ukifanya vizuri. Ulitoa jani, dogo, la kukunjamana, lenye manyoya meupe chini. Mimi nilikuwa nikiupa ile suuza na hata hiyo mara nyingine nilisahau, lakini nikigusa udongo naukuta una unyevu. Nikajisifu kwamba nilifikiri vyema kuuleta kwenye baridi. Sisimizi walianza kuja chumbani, mstari mwembamba kutoka dirishani. Nilidhani wanafuata uji uliomwagika. Niliwafagia, nikamwaga majivu, kesho yake wakarudi.

Muuguzi wa zahanati alikuja katikati ya Machi, msichana wa kwetu, mwenye adabu. "Susu, habari yako," akamsalimu mama, akimwita bibi kama tunavyoita wazee. Alimfinya ngozi ya mkono akaiachilia. Ngozi ikabaki imesimama. Akamtazama ulimi. Akanivuta nje.

"Mama, huyu amekauka. Anakunywa maji kweli?"

"Anamaliza kikombe kila ninapomwekea."

"Kila mara?"

"Si nimekuambia."

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, akasema basi labda ni ugonjwa, wakati mwingine mwili unakataa kushika maji. Alijaribu kumtundikia maji ya dripu lakini mishipa ilikuwa imejificha, kila akichoma inakimbia. Mama akamwambia, "Acha, mwanangu. Umefanya kazi." Nilimbembeleza anywe mbele yangu. Alikunywa mafunda mawili ili kunifurahisha, akasema nitoke, atamalizia.

Alifariki Machi mwishoni, mchana, wakati naanua nguo. Niliingia kumwambia kwamba mawingu yamejikusanya upande wa Kitui na nikakuta nazungumza peke yangu. Uso wake ulikuwa umeelekea dirishani. Kikombe kilikuwa kitupu.

Sitaeleza matanga. Kila mtu ameyaona. Nitasema tu kuhusu shimo. Siku moja kabla ya mazishi fundi alikuja na vijana wake, akafunga kamba ile ile kwenye vigingi vile vile, ambavyo hakuna aliyevitoa tangu Januari. Kaka aliniambia niende jikoni. Sikwenda. Waliukata mzabibu usawa wa goti, wakafunga shina kwa mnyororo, wakalivuta kwa gari la kaka. Halikutoa kelele nilizotegemea. Lilitoka kwa mvumo mmoja, na mizizi ikainuka na udongo mkavu kama unga. Ndani ya shimo, ukutani mwake, mizizi mingine ilibaki imechomoza kuelekea kwa baba. Kijana mmoja akaisawazisha kwa panga.

Jioni ile shangazi zetu walikuwa wamekaa kwenye mikeka, na kaka akaja akasimama mbele yangu wote wakisikia. Hakuwa amelala, macho yake yalikuwa mekundu, nami nilimwona jinsi alivyo, mtu mzima asiye na mama.

"Yule muuguzi amenipigia," akasema. "Anasema mama alikauka. Kwani ulikuwa humpi maji?"

"Nilimpa."

"Sasa alikauka vipi?"

Shangazi mmoja akasema tuache, si wakati wake. Mwingine akaguna tu. Lile guno ndilo lililoniingia. Nilijua kwamba kuanzia siku hiyo, katika ukoo wetu, mimi ni yule aliyekaa na mama yake na kumwacha na kiu, na kwamba hakuna atakayeniambia usoni. Nilikasirika, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda, kwa sababu swali lake lilikuwa la haki. Mimi mwenyewe nilikuwa nikijiuliza.

Wageni walipotawanyika, nikaingia chumbani mwake kutoa matandiko. Sikuwa nimeingia tangu siku aliyofariki. Nilikunja blanketi, nikavua foronya, nikavuta kitanda kutoka dirishani nifagie chini. Mzabibu ulikuwa pale pale kwenye kigoda, umelegea. Udongo wake ulikuwa umekauka na kuachana na kingo za mkebe, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuuona hivyo. Sisimizi walikuwa bado wanakuja. Nilifuata mstari wao kwa macho ili niujue mwisho wake nimwage majivu. Haukwenda kitandani. Haukwenda kwenye kikombe. Ulipanda mguu wa kigoda, ukaingia kwenye ile sahani ya bati chini ya mkebe.

Niliinua mkebe. Sahani ilikuwa na kitu cha kunata, kimekauka na kung'aa, safu juu ya safu, kama sufuria iliyopikiwa jemu. Nikakigusa kwa kidole. Nikakionja.

Ilikuwa sukari.

Nilikaa kwenye kitanda kisicho na godoro. Niliweka mkono wangu pale ambapo mkono wake ungekuwa akiwa amelala chali, nikaunyoosha. Ulifika kwenye mkebe bila shida yoyote. Ulifika kwenye mkebe kabla ya kufika mdomoni.

Simu ilipolia ilikuwa kaka. Sauti yake ilikuwa chini, aliniomba radhi kwa kunisema mbele ya watu. Akasema wiki ijayo analeta simiti, watamjengea mama kama walivyomjengea baba, vigae vya rangi moja. Nikasema sawa. Kisha akauliza tena, safari hii taratibu, kama mtu anayeomba aambiwe kitu chochote ili apate usingizi. "Lakini yale maji. Ulisema alikuwa anamaliza kikombe. Yalienda wapi?"

Mzabibu ulikuwa na majani mawili. Kaka anaufahamu huo mkebe, aliuona chumbani siku alipokuja kuuchukua mwili. Kama ningemwambia, ningesafika mbele ya ukoo mzima. Na angekuja kesho yake, mapema, angeung'oa kwa mkono wake, na sijui kama ningeweza kumlaumu.

"Sijui," nikamwambia.

Nilienda kwenye tanki nikainamisha kikombe cha samawati chini ya bomba mpaka mchirizi wa mwisho. Kilifika nusu. Nikarudi chumbani, nikakaa pale alipokuwa akilala, nikaumwagia maji yote.